Dobi Aliyejifunza Kusema Nataka

Siku Yudith Chilongani alipojua kuomba taulo kwa Kiingereza, aliomba taulo kumi na moja kabla ya saa nne asubuhi, na hakuhitaji hata moja. Aliiomba kamba ya kuanikia nguo. Aliuomba mlango wa stoo. Mpishi alipopita na ndoo ya maganda ya viazi, Yudith akamwomba na yeye, mpishi akaiweka ndoo chini na kumwuliza kama jua limemwingia kichwani.

“I want a towel, please,” Yudith akarudia, mikono yake imezama kwenye povu hadi viwiko.

“Mimi nina maganda,” mpishi akasema, akainua ndoo yake, akaenda zake.

Ilikuwa Agosti mwaka 1969, Mikumi, kwenye hoteli ya watalii iliyoitwa Tembo Wawili, mwendo mfupi kutoka lango la mbuga. Yudith alikuwa dobi. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mrefu, mkimya, mwenye vidole vilivyochanikachanika kwa sabuni na magadi. Kila siku alifua shuka arobaini hadi hamsini, akazitia bluu, akazianika, na mchana akazipiga pasi ya mkaa. Shuka zilizotoboka alizishona kabla ya kuzirudisha stoo, bila kuagizwa na mtu. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka mitatu, na katika miaka hiyo watu wa hotelini hawakumsikia akisema mengi zaidi ya salamu. Sasa, wiki ya tatu tangu darasa lianze, alikuwa anazungumza na milango.

Darasa lilianzishwa na Onesphory, karani wa stoo, kijana wa Ifakara aliyeishia kidato cha pili. Redio ilikuwa imehimiza kila anayejua kitu amfundishe asiyejua. Wengi walioisikia waliitikia kwa vichwa, wakaendelea na shughuli zao. Onesphory alichukua mlango mbovu, akaupaka unga mweusi wa betri za tochi uliokorogwa na maji ya majani, akapata ubao. Saa kumi jioni, wageni walipokuwa mbugani kutazama wanyama, wafanyakazi saba waliketi juu ya makreti ya bia nyuma ya chumba cha kufulia, na mwalimu wao akasimama mbele akiwa na chaki tatu alizozikata nusu ili ziwe sita.

Hakuwafundisha kutoka kitabuni, kwa kuwa kitabu hakuwa nacho. Mwanafunzi mmoja alikuwa mgeni, mwingine mtumishi. Mgeni aliomba kitu mpaka akipate. Mtumishi alikileta, au aliomba radhi.

“Kuna maneno mawili hapa,” Onesphory aliwaambia siku ya kwanza ya zoezi hilo. “Want, na need. Mgeni akisema want, ni moyo wake tu unaosema. Asipopata atanuna. Akisema need, amekwama, asipopata kuna kitu kitaharibika. Mtumishi mwenye akili husikiliza ni lipi.”

“Na mgeni akisema anamtaka mtumishi mwenyewe?” Fausta akauliza. Fausta alikuwa mhudumu wa vyumba, mwenyeji wa Tindiga, rafiki mkubwa wa Yudith, na mdomo wake haukuwa na breki.

“Hiyo ni want,” Onesphory akajibu bila kugeuka kutoka ubaoni, “na jibu lake ni no.”

Makreti yakalia kwa kicheko. Zamu ya Yudith ilipofika, kila mtu alitegemea atanong'ona neno moja na kurudi kukaa. Yudith akaketi juu ya kreti la mgeni, akakunja mguu juu ya mguu kama alivyoona wageni wakifanya kwenye veranda, akamtazama Fausta aliyekuwa mtumishi wake. Akataka maji ya moto. Akataka blanketi la pili. Akasema anahitaji chandarua kisicho na tundu, kwa maana usiku uliopita mbu walimla. Akataka chai bila maziwa, kisha akataka maziwa. Akasema anahitaji taa. Akataka kuamshwa saa kumi na moja alfajiri. Fausta alikwenda na kurudi kati ya kreti na ukuta mpaka jasho likamtoka.

“Mama Agnesi, nihurumie! Wewe ulizaliwa Ulaya?”

“Nilizaliwa Lumuma,” Yudith akasema. “Ulaya nilipita tu, nikitoka Kilosa.”

Kijiji cha Ulaya kiko huko huko wilayani Kilosa, na kila mwanafunzi wa darasa lile alikuwa amepita hapo au ana shemeji hapo. Walicheka mpaka mpishi akatoka jikoni kuuliza nani amekufa.

Kilichomsisimua Yudith hakikuwa maneno yenyewe. Alichokishangaa ni kwamba yanafanya kazi. Miaka mitatu alikuwa amesikia wageni wakisema kitu kimoja kifupi, na maji ya moto yakaletwa. Hawakuuliza habari za nyumbani kwanza. Hawakuleta chochote mkononi. Walisema, wakapewa, na hakuna aliyewaona wakosefu wa adabu. Usingizi ulimpaa akifikiria jambo hilo. Asubuhi akaamka mapema kuliko wenzake, akazijaribu sentensi zake mpya juu ya karai, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyepewa baiskeli akitafuta kila njia ya kuipitisha.

Kwa akina Yudith, ukoo wao kule milimani Lumuma, mtu hakuomba kwa kinywa chake. Akitaka jambo kubwa, shamba au mke au ruhusa ya kuhama, alimwambia mjomba wake. Mjomba alichukua jogoo, akaenda kwa mwenye nacho, akaketi, akatoa habari za mvua, za mazao, za wagonjwa. Mwenye shida alikaa pembeni, kimya. Jogoo akishapokelewa, mwenyeji ndiye aliyepaswa kuuliza: mmekuja na neno gani? Hapo ndipo ombi lilipotajwa. Asipouliza siku hiyo, walirudi nyumbani na kungoja. Yudith aliozwa hivyo, kwa mume aliyekuwa mkata mkonge katika shamba moja karibu na Kilosa. Alipotaka kufuata kazi Mikumi, baada ya mume huyo kupanda treni kwenda Tanga na mwanamke mwingine, aliombewa ruhusa kwa bibi yake kwa njia hiyo hiyo. Alisoma madarasa manne ya misheni, aliweza kusoma na kuandika, na hakuwahi hata siku moja kumwambia mkubwa wake, kwa lugha yoyote, kwamba anataka kitu.

Jumatatu moja mwishoni mwa mwezi, tangazo likabandikwa kwenye mlango wa jikoni. Onesphory akalisoma mara mbili, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, na wafanyakazi wote wamemzunguka. Msimamizi wa vyumba, mama mtu mzima aliyekuwa hapo tangu hoteli ifunguliwe, anahama kumfuata mumewe. Nafasi yake ina nyongeza ya mshahara, funguo za stoo ya shuka, na nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tangi la maji. Anayeitaka aende ofisini aseme mwenyewe, kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Asipotokea mtu, dereva ataondoka saa hiyo na barua ya kuomba mtu kutoka Dar es Salaam.

Nyumba ya vyumba viwili. Yudith hakusikia yaliyofuata.

Binti yake Agnesi alikuwa na miaka saba. Alikuwa Lumuma kwa mama yake Yudith, kwa sababu madobi walilala sita katika bweni moja na watoto hawakuruhusiwa. Yudith alimwona mara mbili kwa mwaka. Mara ya mwisho mtoto alimpa shikamoo kwa heshima kamili, kama anavyoamkiwa mgeni, kisha akaenda kujificha nyuma ya bibi yake. Shule ya Mikumi ilikuwa inaandikisha watoto kwa ajili ya Januari.

Jumanne asubuhi alivaa gauni lake la kanisani, akabisha mlango wa ofisi.

Meneja alikuwa Bibi Makrei, Mskoti wa miaka arobaini hivi, aliyefika nchini miezi miwili nyuma. Kiswahili chake kilikuwa jambo na asante. Wafanyakazi walimwita Madamu. Hakuwa mkali wala mpole. Alikuwa mtu wa saa. Akainua uso kutoka kwenye makaratasi, akamwuliza Yudith anataka nini, kwa maneno yale yale ambayo Onesphory aliyaandika ubaoni.

Yudith aliijua sentensi ya kujibu. Ilikuwa tayari kooni. Ikakaa hapo. Badala yake akamsalimu Madamu, akamwuliza kama ameamka salama, kama watu wa kwao huko mbali hawajambo, kama mvua inanyesha. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kiasi kwamba Madamu aliiweka chini kalamu. Alijibu yote. Kisha akamwuliza tena: anataka nini?

“Nothing, Madamu,” Yudith akasema. “I am very well.” Akatoka.

Fausta alikuwa anamngoja nje na ufagio. “Haya? Umesema?”

“Nimesalimia.”

“Umesalimia! Shoga, juzi uliniomba chandarua kama mke wa balozi. Leo kazi ni yako, nyumba ni yako, unashindwa?”

“Juzi nilikuwa mgeni.”

“Na leo?”

“Mgeni hana mjomba,” Yudith akasema. “Mimi ninaye.”

Fausta akaacha utani. Yeye nafasi ile hakuitaka. Alikuwa na mchumba Tindiga na siku za kuondoka alikuwa anazihesabu. “Basi mwite huyo mjomba,” akasema. “Lakini afike kabla ya Jumamosi. Hawa wenzetu saa sita yao ni saa sita.”

Mjomba Cleopa alikuwa mkulima wa vitunguu, na wiki zile za mavuno alikuwa akishuka Kilosa kuviuza. Jumanne ile ile mchana Yudith alimpa ujumbe gadi wa treni ya Kilosa. Ijumaa mchana mjomba akateremka stesheni ya Mikumi, amevaa koti la kijivu lililofungwa vifungo vyote katika lile joto, fimbo mkono mmoja, jogoo mwekundu mkono wa pili.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Mwenye nyumba yupo?”

“Yupo. Ni mwanamke.”

“Mwanamke naye hula kuku,” mjomba akasema, wakaondoka.

Madamu aliwapokea kwenye veranda na kuagiza chai. Onesphory aliitwa kutafsiri. Alianza kazi yake kwa uwongo mmoja mdogo. Madamu alisema habari za mchana tu, na Onesphory, alipoona mzee anangoja, akatangaza: “Madamu anasema shikamoo.”

“Marahaba,” mjomba akasema, akaketi ameridhika.

Yudith alikaa kwenye ngazi, kimya, kama ilivyopasa. Mjomba alieleza habari za mvua za mwaka ule, wapi zilianza na wapi ziliwahi kukatika. Alieleza vitunguu. Alieleza mguu wa dada yake, mama yake Yudith, ulivyovimba na ulivyopungua. Alikabidhi jogoo. Madamu alimpokea kwa mikono miwili, akashukuru, akampa mpishi. Onesphory alitafsiri kila kitu, hata mguu. Kisha mjomba akanyamaza, akaweka mikono juu ya fimbo yake, akangoja aulizwe.

Akangoja. Madamu akatazama saa. Akasema vitunguu ni zao zuri. Mjomba akakubali, akangoja. Madamu akatazama saa mara ya pili, na ya tatu, akasimama, akampa mjomba mkono, akarudi ofisini.

“Imekwenda vizuri,” mjomba akamwambia Yudith. “Jogoo amepokelewa. Kuuliza atauliza, labda wiki ijayo. Watu wazito hawana haraka.”

Onesphory alimvuta Yudith pembeni, kando ya karai. “Ndugu yangu, mjomba wako alikuja kusema nini?”

“Kuniombea kazi ya vyumba.”

“Mbona hakuomba?”

“Haombi mpaka aulizwe.”

Onesphory akashika kichwa. “Huyu hawezi kumwuliza! Hajui kama kuna swali! Niache niende nikamwambie sasa hivi.”

“Ukisema wewe, mjomba atakuwa amekuja bure. Utakuwa umempita mbele za watu.”

“Na kesho saa sita?”

Yudith alichukua shuka iliyokuwa karibu, akaanza kuifua. Ilikuwa safi.

Jumamosi saa tano na nusu jogoo alirudi. Onesphory alimleta kwapani mpaka kwenye kivuli cha tangi la maji, ambako mjomba Cleopa alikuwa ameketi na Yudith akingoja treni ya saa saba. Jikoni walikuwa wamesema, Onesphory akaeleza, na maneno yalimfikia Madamu kwamba jogoo ni wa kununulia nafasi. Amekasirika. Amesema anamshukuru mzee kwa matembezi, ila kazi hapa haitolewi kwa kuku. Anayeitaka aende kwa miguu yake.

Mjomba alimpokea jogoo, akamfunga miguu taratibu. Uso wake ulikuwa umekauka.

“Zawadi imerudishwa. Tumekataliwa. Funga mizigo yako, turudi Lumuma.”

“Mjomba...”

“Sijapata kurudishiwa jogoo tangu nizaliwe. Hata baba yako, Mungu amrehemu, hakurudishiwa, naye alikuwa hana kitu. Funga mizigo.”

Yudith alisimama. Maneno yakaanza kumjia kwa namna ambayo hayakuwahi kumjia mbele ya mjomba wake. “Mjomba, amekataa nini?”

“Hukusikia? Amekataa.”

“Wewe ulimwomba nini?”

“Sikuomba. Hakuniuliza.”

“Basi kazi hajaikataa. Amekataa jogoo tu. Neno lenyewe bado tunalo, halijatoka mdomoni.”

Onesphory alianza kutazama mawingu kwa bidii kubwa.

“Kwao haulizi mwenyeji,” Yudith akaendelea, kwa haraka sasa. “Anayeomba ndiye anayeanza. Nimewaona miaka mitatu. Wanasema, wanapewa, hakuna anayekasirika. Hakututukana, mjomba. Alikuwa anatungoja, na sisi tulikuwa tunamngoja yeye.”

“Na nani aseme? Mimi nipo hapa, wewe uende useme? Watu watasema Cleopa amekufa.”

Hilo lilikuwa kweli. Upande wa pili wa ua dereva alikuwa amefungua boneti ya Landrova, anaongeza maji. Onesphory akatazama saa yake, akasema saa sita kasoro robo, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

Mjomba alimtazama dereva. Alimtazama mpwa wake, ile mikono yake iliyochanika. Kisha akamgeukia Onesphory.

“Wewe karani. Huyu mama, akisema na huyu mtoto, watasema lugha gani?”

“Kiingereza, mzee.”

“Mimi nakijua?”

“Hukijui, mzee.”

“Huko basi mimi sina kiti,” mjomba akasema polepole, kama hakimu anayesoma hukumu aliyoiandika mwenyewe. “Katika Kiswahili chetu na katika lugha yetu ya nyumbani, mimi ndiye ninayemsemea. Katika Kiingereza sijawahi kuketi. Hakuna atakayepitwa.” Akasimama na kufunga kifungo cha juu cha koti. “Nitakusindikiza. Nitasimama mlangoni, ajue una watu.”

Yudith tayari alikuwa anakimbia. Kanga ilimfunguka, akaikamata, akaendelea. Fausta alimwona kutoka dirisha la chumba namba nane, akatupa ufagio na kupiga kigelegele bila kujua bado kwa ajili ya nini. Nyuma yake mjomba alitembea kwa hatua za mtu mzima, fimbo ikigonga saruji. Onesphory alibaki na jogoo.

Madamu alikuwa anaifunga bahasha. Yudith hakubisha. Alisimama mbele ya meza, akatweta mara mbili, na sentensi ikatoka nzima.

“I want the work of the rooms.”

Chumba hakikuanguka. Madamu aliishikilia bahasha hewani.

“I need the house,” Yudith akasema. “I have a daughter. I want her here.”

Zilikuwa sentensi nne, na kila moja ilikuwa na mimi mbele yake. Kichwa kilimzunguka kwa furaha, kama mtu aliyeruka mto na kugundua ng'ambo kwamba hakulowa.

Madamu hakutabasamu. Akamtazama mzee aliyesimama mlangoni na fimbo yake. Akauliza habari ya jogoo.

“The cock is my uncle's,” Yudith akasema. “The word is mine.”

Kwa nini basi hakulisema Jumanne, Madamu akataka kujua. Yudith alitafuta jibu, na Kiingereza alichokuwa nacho hakikutosha kueleza Lumuma. Akasema ukweli mfupi: Jumanne aliogopa. Leo pia anaogopa. Lakini leo anasema.

Madamu akaiweka bahasha chini. Akamwuliza swali la kazi, lile ambalo angemwuliza mtu wa Dar es Salaam: vyumba vya hoteli hii vinahitaji nini?

Hapo ndipo Yudith alipofunguka. Miaka mitatu kila shuka ya hoteli ile ilikuwa imepita mikononi mwake. Alisema shuka kumi na nne zimeisha, anazishona zinachanika tena, zinahitajika mpya. Foronya zinahitajika thelathini. Chandarua cha namba tatu kina tundu la kupita popo. Pasi ya pili inahitajika, kwa sababu siku ya wageni wengi shuka zinarudi vitandani zikiwa na unyevu, na mgeni wa namba sita alikohoa wiki nzima. Kamba ya kuanikia inahitaji kuhamishwa, vumbi la barabara linaingia. Blanketi za namba kumi zinanuka panya. Madobi wanahitaji mafuta ya mikono. Alipokosa neno la Kiingereza alionyesha kwa vidole, alipanua mikono, alishona hewani. Hakuomba radhi hata mara moja, na hakuweza kuacha. Madamu alivuta karatasi akaanza kuandika, kisha akamwomba apunguze mwendo, kisha akageuza karatasi upande wa pili.

Saa ya ukutani ilipogonga saa sita, dereva alipita kando ya mjomba akaja kuchukua barua. Madamu akamtazama, akaitazama bahasha, akaichana katikati.

Ataanza Jumatatu, akamwambia Yudith. Mwezi mmoja wa majaribio. Nyumba ipakwe chokaa kwanza, ataipata Jumatano. Pasi ya pili hakuahidi.

“I need it, Madamu,” Yudith akasema.

Ndipo Madamu akacheka, kwa mara ya kwanza tangu afike, na akaandika pasi.

Nje jua lilikuwa utosini. Fausta alimrukia Yudith shingoni, Onesphory akampa mkono rasmi kama mkaguzi wa shule, kisha akasahau urasmi na kuruka ruka. Mpishi alitoka jikoni kuuliza nani amekufa. Mjomba Cleopa alingoja kelele zitulie.

“Amesema nini?”

“Amekubali, mjomba.”

Mjomba aliitikia kwa kichwa, kwa kituo. “Nilimwona alivyokuwa anaandika. Mtu haandiki namna ile kama anakataa.” Akasafisha koo, akarudi kwenye cheo chake. “Sasa, habari ya mtoto. Nitafika nyumbani, nitakaa na mama yako, tutazungumza. Mwezi ujao, au baada ya vitunguu kwisha, tutaona jinsi ya...”

“Mjomba,” Yudith akasema. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya adabu, macho yake yakimtazama usoni. “Nataka Agnesi aletwe Jumatano.”

Fausta akaziba mdomo kwa kiganja. Onesphory akakumbuka ana kazi stoo, lakini hakwenda. Mjomba alisimama pale kwenye jua, koti limefungwa vifungo vyote, akimtazama mpwa wake kama mtu anayesoma barua ndefu kwa mwandiko asioujua. Hasira haikuja. Alibadilisha tu fimbo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

“Kutoka Lumuma mpaka Kilosa ni safari, mwanangu. Jumatano treni ya huku haipo.”

“Basi Alhamisi.”

Mjomba akafikiri. “Alhamisi ipo,” akasema.